Analipwa? Sawa, Lakini Aseme

Kazi yangu ni kuunganisha makampuni na watu wenye wafuasi wengi Instagram na TikTok. Kila mara naulizwa: influensa anayelipwa anaaminika kweli? Mimi nasema malipo hayaui imani. Wafuasi wanajua kwamba mtu anakula kwa kazi yake. Imani hufa pale mfuasi anapogundua, hela imeshatoka mfukoni, kwamba kuna jambo alifichwa.

Tazama yaliyotokea Italia. Mwishoni mwa 2022 Chiara Ferragni, mwenye wafuasi karibu milioni 30 Instagram, alitangaza pandoro, keki ya Krismasi, iliyotengenezwa na kampuni ya Balocco na kubeba jina lake. Ya kawaida iliuzwa takriban euro 3.70, yake ikazidi euro 9. Matangazo yaliwafanya watu waamini kwamba kila anayenunua anachangia hospitali ya watoto ya Regina Margherita, mjini Turin. Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Italia ikaeleza ilichobaini: Balocco ilishatoa euro 50,000 miezi kadhaa kabla keki haijaingia sokoni, na mauzo hayakuongeza chochote juu ya hapo. Kampuni za Ferragni zilipokea zaidi ya euro milioni 1, na faini ya kampuni hizo ikavuka euro milioni 1. Siku chache baadaye akatokea kwenye video amevaa sweta la kijivu, sauti ikimkatika, akasema lilikuwa kosa la mawasiliano na kuahidi hospitali euro milioni 1. Amekana kwamba alikusudia kudanganya.

Watu wakajadili hadi sweta. Muonekano wa kawaida, ambao jana ungeitwa ukweli, sasa ukatiliwa shaka kuwa nao umepangwa.

Kwa nini inauma hivyo? Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu watangazaji wa redio na televisheni wanaozungumza na msikilizaji kana kwamba wamekaa naye sebuleni. Msikilizaji anajenga urafiki, lakini ni wa upande mmoja. Simu imeuzidisha: unamwona mtu anapiga mswaki, analaza mwanawe, analia. Akikuficha jambo, huoni kwamba umeonewa na duka. Unaona umesalitiwa na dada yako.

Wengine hudhani dawa ni kukimbilia akaunti ndogo. Siamini hivyo. Ripoti ya Mozilla, taasisi ya kivinjari cha Firefox, ya Septemba 2021, iliyoandikwa na Odanga Madung na Brian Obilo, ilionyesha jinsi watu nchini Kenya walivyolipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni za Twitter, zikiwemo za kuwachafua majaji na wanaharakati wakati wa mvutano wa BBI, mpango wa kubadilisha katiba ya Kenya. Hapo hakuna aliyeandika "nimelipwa". Kwangu hilo ni baya kuliko keki, maana mwananchi anadhani anasikia sauti za wananchi wenzake.

Ninapompima mtu kabla ya kumpendekeza kwa kampuni, idadi ya wafuasi naiangalia mwisho. Naanza na komenti. Zikiwa ni vimoto na mioyo tupu, sijajifunza kitu. Natafuta ile ya mnunuzi aliyerudi: "Dada, nilichukua hiyo hiyo Kariakoo, nimefua mara moja tu rangi imetoka." Kisha natazama imefanywa nini. Imefutwa? Imerukwa? Au amejibu, akamuuliza alifua na maji ya moto, akamuelekeza kwa muuzaji? Halafu narudi nyuma kwenye posti za zamani: amewahi kusema bidhaa fulani haikumfaa? Miezi mitatu iliyopita alikuwa anasifia sabuni ya mshindani?

Kwenye mkataba napigania mambo mawili. La kwanza, neno "tangazo" likae mwanzoni mwa maelezo, lisizikwe chini ya rundo la hashtagi. La pili, awe huru kutaja kasoro. Hili la pili ndilo linalozua ubishi, kwa sababu makampuni mengi yanataka maneno yao yasomwe neno kwa neno, halafu yaonekane yametoka moyoni mwa msemaji. Kampuni ikikataa kabisa, naishauri inunue muda redioni. Kule msikilizaji anajua tangu sekunde ya kwanza kwamba anatangaziwa.