Kwa nini gari hupiga kelele zaidi kwenye baridi kali?

Gari lililolala nje usiku kucha kwenye majira ya baridi huamka kwa shida. Stata inajikokota, injini inashika kwa mngurumo mkubwa kuliko wa jana mchana, halafu chini ya boneti inaanza sauti ya ta-ta-ta kama cherehani. Dakika chache baadaye, ile sauti haipo tena.

Mshukiwa wa kwanza ni oili. Ikipoa huwa nzito kama asali, na usiku kucha imechuruzika hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukipiga stata, pampu inaivuta kwa taabu kuipandisha hadi kwenye valvu zilizoko juu, na mpaka ifike, vyuma vinagongana karibu vikavu. Ndiyo maana dumu la oili huandikwa 5W-30 au 15W-40. Herufi W inasimamia majira ya baridi (winter kwa Kiingereza), na namba iliyoandikwa kabla yake ikiwa ndogo, oili hiyo hubaki nyepesi zaidi penye baridi: ya 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 5W kwenye 30 chini ya sifuri, ya 0W kwenye 35.

Pistoni nazo zina lao. Hizo ni za alumini, na alumini hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma. Kwenye injini yenye silinda za chuma, baridi huiacha pistoni ikipwaya kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake, na kila inapopanda na kushuka inapigapiga ukuta. Injini imechongwa ili vipande vyake vikae sawasawa ikiwa ya moto, si ikiwa baridi. Kwa hiyo mlio unaokufa injini ikipata joto haunitishi. Unaobaki, au unaozidi kuwa mzito, huo ni wa kupeleka kwa fundi mara moja. Na tafadhali, usikanyage mafuta kwa nguvu eti uipashe moto haraka: hapo ndipo unapoila injini. Ondoka taratibu, itapata joto ikiwa njiani.

Mngurumo wenyewe umewekwa makusudi. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi, hivyo kompyuta ya gari huongeza mafuta na kupandisha mizunguko, pengine kutoka 750 kwa dakika hadi 1,200 na zaidi, ili pia yale masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi yapate moto upesi. Bila moto hayafanyi kazi. Injini ya dizeli hugonga zaidi kwa sababu yake yenyewe: silinda ikiwa baridi, mafuta huchelewa kushika moto, yanajilimbikiza kidogo, kisha yanalipuka kwa mpigo mmoja.

Ukisikia mlio mkali wa kukwaruza masikio, tazama mkanda wa altaneta. Betri imechoka kwa kuwasha gari, altaneta inafanya kazi ya ziada kuijaza, na mkanda wenyewe umekakamaa au umelowa umande ulioganda, basi unateleza. Bushi za mpira kwenye viungo vya magurudumu nazo hukakamaa, ndiyo sababu gari hulia kila linapopita tuta.

Lakini hata hewa ina mkono wake. Usiku wa baridi uliotulia, hewa ya karibu na ardhi huwa baridi kuliko ya juu yake. Sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi, kama mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri badala ya 343 kwenye nyuzi 20, na tofauti hiyo ya tabaka huipinda irudi chini badala ya kupotelea angani. Barabara kuu ambayo mchana huisikii, usiku inavuma dirishani pako. Theluji mbichi ikianguka, mambo hugeuka: vinafasi vya hewa vilivyomo ndani yake humeza sauti, na magari yaleyale hupita kama yanakanyaga pamba, mpaka theluji ishindiliwe na kuganda.