Kuba si Uosmani

Msikiti mpya ukiwa na kuba tu, watu huuita "wa Kiosmani", yaani wa mtindo wa ile dola ya Kituruki iliyotawala kutoka Istanbul. Lakini kuba ni paa la mviringo mfano wa bakuli lililofudikizwa. Basi. Hamna Mturuki humo.

Neno tumelipata kwa Waarabu: qubba, ambalo kabla ya Uislamu lilimaanisha pia hema dogo la ngozi. Waturuki wakasema kubbe. Wahispania wakalibeba pamoja na "al" yake likawa alcoba, chumba cha kulala. Na kitu chenyewe hakikumngoja sultani yeyote. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa katika karne ya 14, kabla Waosmani hawajaiteka Konstantinopoli mwaka 1453. Kwa hiyo kuuita kila msikiti mpya wenye kuba ya kijani "wa Kiosmani" ni kuwapa Waosmani sifa isiyo yao. (Mnara mwembamba uliochongoka kama penseli, sawa, huo wao.)

Uosmani uko kwenye njia ya uzito, yaani jinsi uzito wa kuba unavyoshuka hadi chini. Chukua msikiti wa Süleymaniye wa Istanbul, kazi ya msanifu majengo Sinan, 1550 hadi 1557. Kuba ina kipenyo cha karibu mita 26.5, kilele kipo mita 53 kutoka sakafuni, na iliyoibeba ni miguu minne minene. Kati ya mguu na mguu pana tao; kwenye kona, matao yanapoachana, pamejazwa pembetatu zilizopinda, ndizo zinazougeuza mraba kuwa duara. Lakini kuba haikandamizi chini tu, inatanua kuta, kama ngazi iliyoegeshwa inavyotaka kuteleza mguuni. Ndiyo maana upande wa kibla na upande wa mlangoni kuna nusu kuba za kuizuia, nazo zimezuiwa na nusu kuba ndogo zaidi. Ayasofya, iliyojengwa kama kanisa katika mji huohuo, ilikuwa imeshalipa ada ya somo hilo: kuba ya kwanza, ya mwaka 537, ilikuwa bapa mno, ikasukuma kuta nje, matetemeko yakamalizia, ikaanguka 558. Iliyofuata waliinua mgongo wake.

Sasa kuba ya fibaglasi iliyopandishwa kwa kreni juu ya zege bapa haitanui ukuta wowote, na anayeswali chini yake anaona dari tu. Ni kuba, na huenda inapendeza. Tuuite msikiti wenye kuba.