Mokra Gora: reli iliyojikunja mlimani

Wengi wanaofika Mokra Gora, magharibi mwa Serbia, hukimbilia Drvengrad, mji mdogo wa mbao aliojenga mwongozaji filamu Emir Kusturica juu ya kilima cha Mećavnik. Ni pazuri, sikatai. Lakini kazi yangu ni reli za milimani, na ukiniuliza nitakwambia uanzie stesheni.

Kijiji cha Mokra Gora kimekaa kati ya milima ya Tara na Zlatibor, katika bonde ambalo maji yake huishia kwenye mto Drina, Bosnia. Austria-Hungaria ilipoikalia Bosnia mwaka 1878, wanakijiji walijikuta jirani na mpaka wa dola kubwa. Dola hiyo ilileta reli kutoka Sarajevo hadi Vardište, mpakani kabisa, mwaka 1906. Upande wa pili, reli ya Serbia ilifika mji wa Užice mwaka 1912. Zote mbili zilikuwa nyembamba, upana wa milimita 760 tu. Ile ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ina 1,000. Katikati likabaki pengo, na humo ndimo ulimosimama mlima Šargan.

Kazi ya kuliziba ilianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikakwama, ikaanza upya 1921. Tatizo lilikuwa hili: kutoka stesheni ya Šargan Vitasi kushuka Mokra Gora, kimo hupungua kwa zaidi ya mita 200, ilhali kwa mstari mnyoofu ni kilomita tatu na ushee. Treni ya mvuke haiwezi mteremko huo. Basi wahandisi wakairefusha njia hadi kilomita 13 na nusu, wakaikunja mfano wa namba nane, ikijipita juu yenyewe na kuingia handaki baada ya handaki. Ukiwa dirishani unaona reli nyingine bondeni, kumbe ndiyo hiyohiyo utakayopita baadaye. Handaki kuu lina mita 1,666. Kwangu mimi, ni kazi ya akili kubwa mno.

Treni zilianza kupita 1925, na Belgrade ikaunganishwa na Sarajevo. Mwaka 1974 njia ikafungwa, na kijiji kikapoteza kiungo chake cha reli na miji. Ilifufuliwa kwa ajili ya watalii mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2010 ikafika tena Višegrad, mji wa Bosnia.

Ukishuka, tazama pia nyumba za zamani za magogo: paa lina mteremko mkali ili theluji iteleze, na upande wa bondeni kuna ghala la mawe chini ya sakafu.