Kansili isipokuja kukagua nyumba: andika kuhusu kansili, si kuhusu kuvu

Mpangaji anayefika kwenye dawati letu la ushauri wa nyumba mara nyingi huanza kwa kutoa simu. Picha ya kwanza ni kona ya chumba cha watoto: kabati limevutwa mbele, na nyuma yake kuvu nyeusi imepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Picha ya pili ni kona hiyohiyo mwezi mmoja baadaye, na safari hii ameweka rula ukutani. Ushahidi mzuri kabisa wa kuvu. Ukimuuliza aliiambia kansili, yaani halmashauri ya eneo lake, lini na alijibiwa nini, ndipo anapokwama: "Nilipiga simu, wakasema watakuja."

Hapo ndipo malalamiko mengi dhidi ya kansili za England yanapofia, hata yale yenye haki. Mtu analeta ushahidi juu ya mwenye nyumba, ilhali anayemlalamikia ni kansili.

Kutengeneza nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Kansili kazi yake ni kumbana asipotengeneza. Anayeichunguza kansili nayo ni Ombudsman wa Serikali za Mitaa na Huduma za Jamii, ofisi iliyotokana na sheria ya 1974. Huduma yake ni bure, wala huhitaji wakili. Ila huyu hamgusi mwenye nyumba. Ukimwandikia kurasa tano kuhusu ukorofi wa mwenye nyumba wako, atakujibu kwa adabu kwamba halimhusu.

Kansili inatakiwa kufanya nini hasa? Chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004, hutuma afisa wa afya ya mazingira, yule ambaye Tanzania tungemwita bwana afya. Hupima hatari zilizomo: baridi kali, unyevu na kuvu, nyaya za umeme, ngazi, moto. Hatari za daraja la 1 ndizo kali, na hapo kansili haina hiari, lazima ichukue hatua. Kwa daraja la 2 inaruhusiwa, hailazimiki. Lakini "hatua" ni neno pana. Yaweza kuwa notisi ya kumwamuru mwenye nyumba atengeneze ndani ya muda fulani, amri ya kuzuia chumba kisitumike, au notisi ya kumjulisha tu kwamba hatari ipo. Wewe ulitaka ya kwanza, wao wamechagua ya tatu. Hilo peke yake si kosa, mradi waonyeshe walivyofikia uamuzi huo.

Kwa hiyo Ombudsman hapimi kuvu upya wala hashindani na bwana afya kitaalamu. Maswali yake ni ya kazi za ofisini. Walikuja? Walichukua muda gani, na sera yao wenyewe inasema nini kuhusu muda? Waliandika walichokiona? Walikujulisha matokeo? Muda wa notisi ulipokwisha, kuna aliyerudi kuangalia? Akikuta kosa atauliza jambo la pili: lilikuletea madhara gani? Kosa bila madhara halikufikishi mbali.

Tuchukue mfano wa kubuni, mama wa watoto wawili. Barua yake ya kwanza inasema: "Nyumba ina kuvu, mwanangu anakohoa usiku, mwenye nyumba hasikii, nisaidieni." Kila neno ni kweli, na bado haisemi kansili imekosea wapi. Barua ya pili, baada ya kukaa na kalenda na simu yake: "Niliripoti kwa barua pepe tarehe 6 Januari. Afisa alikuja tarehe 20, akasema atamwandikia mwenye nyumba. Tarehe 14 Machi nilipiga simu nikaambiwa afisa huyo ameacha kazi na faili halikukabidhiwa mtu. Sijapewa matokeo ya ukaguzi. Tangu Januari tunalala wote watatu sebuleni." Kuvu imetajwa? Hata mara moja. Barua hii ndiyo itakayomfanya meneja afungue faili.

Ipeleke kwanza kwenye utaratibu wa malalamiko wa kansili yenyewe, ambao kwa kansili nyingi una ngazi mbili. Kwa kawaida Ombudsman hapokei lalamiko kabla kansili haijapewa nafasi ya kulijibu. Usikae mno, maana kikomo chake ni miezi 12 tangu ulipojua tatizo, ingawa anaweza kulegeza kukiwa na sababu nzuri. Na kila ukipiga simu, malizia kwa barua pepe ya mistari miwili: "Kama tulivyoongea leo..."

Wengi wananyamaza kwa hofu mbili. Ya kwanza ni kutolewa kwenye nyumba. Kwa wapangaji wengi, kubadilishiwa kufuli bila amri ya mahakama ni jinai chini ya sheria ya 1977, na kansili ina uwezo wa kumshtaki mwenye nyumba. Polisi wakikwambia ni ugomvi wa madai, ipigie kansili. Nayo ikikwambia "malizaneni wenyewe," hilo tayari ni jambo la kulalamikia. Vilevile kansili kumwambia kila mpangaji aliyepewa notisi halali akae hadi madalali wa mahakama wagonge mlango, ndipo imsaidie: mwongozo wa serikali unaikataa desturi hiyo, lakini bado tunakutana nayo.

Hofu ya pili ni viza. Kuomba ukaguzi wa nyumba si kuomba fedha za umma, ambazo viza nyingi zinakataza. Kuomba kansili ikupatie makazi ni habari nyingine. Kama viza yako ina masharti, tafuta ushauri kabla ya kujaza fomu ya kuomba makazi.

Ukishinda utapata nini? Kuombwa radhi, ukaguzi uliocheleweshwa kufanyika, kansili kurekebisha utaratibu wake, pengine malipo ya kiasi kwa usumbufu. Si fidia ya mahakamani. Ombudsman hana nguvu ya kuilazimisha kansili, lakini ni nadra sana kansili kukataa mapendekezo yake.

Kama mpangishaji wako ni kansili yenyewe au shirika la makazi, kama ilivyokuwa kwa familia ya mtoto Awaab Ishak aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kutokana na kuvu ya nyumbani kwao, malalamiko ya matengenezo yanakwenda kwa Ombudsman wa Makazi, ambaye ni ofisi nyingine kabisa. Na haya yote ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina ombudsman wake.