Je, wajua? Mtu aliyepooza miguu anawezaje kushuka mlima wa theluji kwa skii

Umeshawahi kuona ile video ya mtu amekaa kwenye kasiti, anateremka mlima wa theluji kwa spidi ya ajabu, anakata kona huku na huku, halafu akifika chini ndo unagundua ana kiti cha magurudumu? Wengi wanadhani kuna mota au kuna mtu anamsukuma. Hakuna, anaendesha mwenyewe.

Kazi yote inafanywa na ubao. Ubao wa skii ni mwembamba katikati, mpana mbele na nyuma, na pembeni una ukingo wa chuma, sasa ukiulaza upande mmoja ule ukingo unang'ata theluji, ubao unapinda kidogo na kona inaanza kukatika yenyewe, iwe umeulaza kwa goti au kwa kiuno na mabega, kwake ni sawa tu. Kwa hiyo aliyepooza kuanzia kiunoni anafungwa kwenye siti iliyo juu ya ubao mmoja, chini ya siti kuna shokapu, mikononi anashika magongo mawili mafupi yenye viskii vidogo nchani kwa ajili ya balansi, na anailaza siti kama bodaboda anavyolala kwenye kona. Akitaka kusimama anaendelea kukata kona mpaka ubao ukingame na mteremko, spidi inaisha.

Siti lazima ibane, maana mwili ukicheza ndani ubao hausikii unachotaka. Ila hapo hapo ndo pana hatari kubwa: asiyehisi miguu hawezi kujua kwamba mkunjo wa suruali unamchimba paja au vidole vimeanza kuganda. Mwalimu mzuri hana haraka, anapitisha mkono kila kona ya siti, ananyoosha nguo, anaongeza spanji, na wakati wa mapumziko ngozi inakaguliwa. Mimi naona hili lilitakiwa lisemwe kabla ya yote, kidonda cha mgandamizo kinaweza kukulaza kitandani miezi na miezi.

Mwanzoni utaanguka sana. Unaenda ubavu, theluji inakuingia shingoni, unajivuta mpaka ubao ukae upande wa chini na umekingama, kisha unakita gongo na kujisukuma mpaka siti inyanyuke, huku mwalimu yuko nyuma kashika kamba asikuache ukimbie. Wenye kiwiliwili kisicho na nguvu wanaanzia siti ya mbao mbili, hiyo imetulia zaidi. Na kupanda lifti, vile viti vinavyoning'inia kwenye waya na kukurudisha juu mlimani? Unanyanyua siti juu kwa wenzo, kiti cha lifti kinapita chini yake kinakuzoa.

Mambo haya yana miaka mingi. Mwaka 1970 kule Winter Park, Colorado, Marekani, mwalimu wa skii Hal O'Leary aliwafundisha watoto 23 waliokatwa viungo kutoka hospitali ya watoto ya Denver, na somo hilo la mara moja likakua mpaka likawa kituo kizima cha michezo kwa wenye ulemavu. Mwaka 1976 Paralimpiki (michezo ya dunia ya wenye ulemavu) ya kwanza ya majira ya baridi ikafanyika Örnsköldsvik, Sweden, na Afrika Mashariki tulikuwepo! Mganda Tofiri Kibuuka, asiyeona, alishindana mbio ndefu za skii, akarudi tena 1980 huko Geilo, Norway, bado kwa jina la Uganda, na baadaye akaja kuiwakilisha Norway yenyewe.