Presha ya usiku kwa mgonjwa wa figo: yanayosemwa na ukweli wake

"Kliniki nimepimwa 130/80, niko salama."
Hiyo ni presha ya mchana. Mtu akilala, kwa kawaida presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa wengi wenye ugonjwa sugu wa figo haishuki, na wapo ambao hupanda. Chanzo kikubwa ni chumvi: figo zilizochoka hazimalizi kuitoa mchana, basi mwili hubakiza presha juu usiku ili chumvi iliyosalia isukumwe kwenye mkojo. Hali hii huonekana kwa mashine ya saa 24, ambayo mkanda wake hukaa mkononi na kupima presha wenyewe hata ukiwa usingizini. Wastani wa usiku ukifika 120/70 ni presha ya juu, hata kama ya kliniki inapendeza.

"Dawa zote zihamishiwe usiku."
Ushauri huu ulivuma baada ya utafiti wa Hygia wa Hispania, uliodai kwamba kumeza dawa wakati wa kulala hupunguza matatizo ya moyo na mishipa karibu nusu. Wataalamu wengi waliutilia shaka, na kwa haki. Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliohusisha watu zaidi ya 21,000 na kutangazwa 2022, haukuona tofauti kati ya asubuhi na jioni. Kabla yake, Wamarekani weusi wenye ugonjwa wa figo uliotokana na presha, waliokuwa katika utafiti wa AASK, walijaribiwa kwa saa tofauti za kumeza dawa. Presha yao ya usiku haikubadilika kwa kiasi cha maana.

Muhimu zaidi ni dawa inadumu muda gani mwilini. Amlodipini, dawa ya presha, hupungua nusu mwilini baada ya saa 30 hadi 50, kwa hiyo ya asubuhi bado inafanya kazi usiku wa manane. Kaptoprili, nayo ya presha, huisha nguvu mapema: aliyeandikiwa mara tatu kwa siku akameza ya asubuhi tu, analala bila kinga. Furosemidi, dawa ya maji (inayoongeza mkojo), usiimeze usiku. Utaamka kukojoa kila mara, na wazee huanguka gizani wakienda chooni. Kama ni mara mbili kwa siku, dozi ya pili inywe alasiri.

"Kazi ya figo ikishuka sana, dawa za maji za jamii ya thiazidi hazisaidii."
Madaktari wenyewe waliamini hivyo kwa miaka mingi. Utafiti wa CLICK wa 2021 ulianza na miligramu 12.5 za klorthalidoni, dawa ya jamii hiyo, kwa wagonjwa wa hatua ya nne ya ugonjwa wa figo: baada ya wiki 12, namba ya juu ya presha katika kipimo cha saa 24 ilishuka kwa takriban 11. Lakini kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) inaweza kupanda na potasiamu kushuka, hasa ukichanganya na furosemidi, hivyo damu ipimwe ndani ya wiki chache.

"Namaliza vidonge vyote, chakula hakihusiki."
Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Chumvi mbadala zenye potasiamu ni hatari kwa figo dhaifu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hubakiza chumvi mwilini na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Ukiumwa mgongo, mwambie mfamasia kwanza kwamba una ugonjwa wa figo.