Si Ndege Wote Wamekuja Kwenu, Mjomba

Mjomba wangu wa Tanga kanitumia sauti ya WhatsApp: "Januari hii huko unawatembeza watu wakaangalie nini? Ndege wote si wako huku kwetu?" Ningenyamaza, ila wiki hiyohiyo mgeni aliyelipia matembezi aliniuliza lilelile tukiwa bado kwenye maegesho, na chikadii wawili, vindege vidogo vya huku, wanapiga kelele juu ya kofia yake.

Shikamoo mjomba. Mbayuwayu na korongo wanaokuja huko wametoka Ulaya na Asia. Mimi niko hifadhi ya Algonquin, jimbo la Ontario, Kanada, na wahamaji wa huku wengi hushuka kusini mwa Marekani, Amerika ya Kati na Amerika Kusini. Yupo ndege mdogo wa Alaska anayevuka Asia nzima hadi Afrika Mashariki, kama kilomita 14,500, lakini hata huyo hapiti kwangu.

Halafu hili la kwamba ndege hukimbia baridi. Jamani, ndege ana manyoya! Kinachomhamisha ni njaa: wadudu wametoweka, maji ziwani yamegeuka jiwe. Mwenye chakula anabaki. Kwale wa mispruzi, miti jamii ya msonobari, anatafuna majani yaleyale ya sindano majira yote ya baridi. Chikadii, gramu kumi na kidogo tu, usiku anashusha joto la mwili ili akiba ya mafuta imfikishe asubuhi. Kuna na yule mwenye mdomo uliopishana kama mkasi mbovu: koni za miti hiyo, zenye mbegu anazokula, zikiwa tele anataga hata Januari, koni zikiwa haba humwoni msimu mzima. Ndiyo maana siahidi kitu, na ndiyo maana "mwaka jana walikuwepo" si hoja.

Lakini anayenifanya nigombane na watu ni jei wa Kanada, ukoo mmoja na kunguru, gramu kama 70. Huyu baridi anaihitaji. Tangu kiangazi anaficha vipande vya chakula, maelfu kwa maelfu, kila kipande mahali pake: anakipaka mate yanayonata kama gundi, anakisokomeza nyuma ya gome. Msitu mzima ni friza yake. Kukiwa na joto mwishoni mwa vuli, barafu ikiyeyuka na kuganda tena na tena, ni kama umeme umekatika siku tatu na nyama imo ndani; mnajua harufu yake. Watafiti wamewafuatilia jei wa hapa tangu miaka ya 1960, na katika eneo lao la utafiti wamepungua zaidi ya nusu. Joto, mjomba. Februari wanaanza kujenga kiota, Machi jike ameshaatamia huku theluji inamwangukia mgongoni.

Kwa nini mapema hivyo? Nikiwa na wageni nawapa jibu moja safi: makinda yakue mapema, yajifunze kuficha. Nikiwa peke yangu silitegemei sana jibu hilo. Akiba inaelekea kuisha na wadudu bado hawajatoka. Mimi nisingezaa wakati huo.

Na kuna siku, pale penye alama ya kilomita 42.5 ya Barabara Kuu ya 60, tunapita njia ya mbao ya Spruce Bog saa mbili bila kuona hata unyoya. Hizo kwenye vipeperushi hazimo.

Yule mgeni wa maegesho nilimwekea zabibu kavu kwenye glavu. Jei akatua, miguuni pete za rangi za watafiti, nikazisoma kwa macho matupu. Akabeba tatu, akaruka, akazibandika kwenye mspruzi wa tatu kutoka kwetu, akarudi. Mgeni alikuwa anacheka kama mtoto. Mimi nilikuwa najiuliza kama huku ni kutazama ndege au ni kuwahonga. Kabla sijajijibu, jei alikuwa amerudi mara ya nne, na glavu ilikuwa tupu, akaidonoa.